Acha Kamba Zionekane

Ndugu waongozaji, waigizaji, mafundi wa taa na sauti, washonaji wa maleba, na ninyi vijana wa kubeba na kupanga vifaa, ambao majina yenu huandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote kwenye kipeperushi, nawasalimu. Nimepewa mada pana: ubunifu na majaribio katika sanaa ya jukwaa. Nitaibana. Nitazungumzia kamba, yaani vitu vyote vile tulivyofundishwa kuvificha, na nitawaomba mfikirie kuviacha vionekane.

Nianze mbali. Mwaka 421 kabla ya Kristo, mjini Athens, Aristophanes alimpandisha jukwaani mkulima aliyechoshwa na vita. Mkulima huyu anaamua kwenda mbinguni kumhoji mungu mkuu kuhusu mateso ya Wagiriki, na chombo chake cha safari ni mdudu mkubwa ajabu anayelishwa mavi. Wagiriki walikuwa na winchi ya mbao ya kumning'inizia mwigizaji hewani, na kwa kawaida abiria wake walikuwa miungu na mashujaa wa tanzia. Basi mkulima ananing'inia, mdudu anayumba, na ghafla mwigizaji anamgeukia fundi wa winchi na kumpigia kelele awe mwangalifu, maana tumbo limeanza kusokota na muda si mrefu mdudu atapata chakula chake.

Hadhira ilicheka, bila shaka. Lakini tazameni kilichofuata: safari iliendelea. Mkulima alifika mbinguni, na watazamaji walifika naye. Kamba ilikuwa imetajwa kwa sauti mbele ya umati, na mbingu haikuondoka mahali pake.

Hoja yangu ya leo yote imo humo. Ubunifu wa jukwaani naupima kwa kazi unayompa mtazamaji. Ukimwachia kitu cha kukamilisha kwa akili yake, atakikamilisha na atakitetea kama mali yake. Ukimfanyia kila kitu, atakupongeza kwa gharama uliyoingia, kisha ataanza kutafuta saa yake. Fanani wetu wa ngano aliligundua hili zamani: hasemi neno la pili mpaka hadhira imjibu. Paukwa bila pakawa si hadithi, ni mtu anayepiga kelele peke yake.

Sasa, sitaki mdhani kwamba nawachukia waliofichaficha. Nawaheshimu sana, na nadhani tumewaelewa vibaya. Katika miaka ya 1640 Mwitalia Giacomo Torelli aliukamilisha mjini Venice mtambo ambao hadi leo unanishangaza kwa wepesi wa wazo lake. Chini ya sakafu ya jukwaa kulikuwa na mikokoteni midogo inayoteleza kwenye reli. Kila mkokoteni ulibeba nguzo iliyopenya sakafuni kupitia ufa mwembamba, na juu ya nguzo kulifungwa ubao wa mandhari uliochorwa. Kamba za mikokoteni yote zilikusanywa kwenye gogo moja la kuvingirisha. Gogo likizungushwa, mikokoteni iliyobeba msitu inarudi pembeni na ile iliyobeba kasri inaingia, kwa wakati mmoja, pande zote mbili. Sekunde chache tu, msitu umekuwa kasri.

Wengi husimulia mtambo huu kama hadithi ya udanganyifu. Wanasahau jambo moja: pazia halikufungwa. Mabadiliko yalifanyika wazi, mbele ya macho, kwa sababu watu walilipa kuyaona mabadiliko yenyewe. Mikono ilifichwa, ila tendo lilionyeshwa. Anayetaka kuelewa ninachosema auangalie ukumbi wa Drottningholm nchini Sweden, uliojengwa mwaka 1766 na ambao mitambo yake ya mbao bado inafanya kazi. Msitu unapoteleza kuondoka, macho ya watu huwa kwenye mbao, na mwimbaji husubiri.

Kabla ya hapo, mwaka 1638, Mwitalia mwingine, Nicola Sabbatini, alichapisha kitabu cha maelekezo ya mitambo ya jukwaa. Humo anaeleza jinsi ya kutengeneza bahari kwa kuzungusha magogo yaliyochongwa kwa mzunguko wa parafujo, na jinsi ya kupunguza mwanga kwa kushusha vikopo vya bati juu ya mishumaa yote ya jukwaani kwa kamba moja. Tena anajadili namna ya kuwapumbaza watazamaji ili wasione mandhari yakibadilishwa: unaweza kumweka mtu wako nyuma ya ukumbi aanzishe ugomvi wa uongo, au ajifanye boriti inavunjika. Baadaye anakiri kwamba njia hizo zinaweza kuleta vurugu ya kweli, na kwamba tarumbeta ni salama zaidi. Ninampenda mzee huyu. Kitabu kizima anahangaika na swali ambalo nanyi mtahangaika nalo maisha yenu yote: macho ya watu yako wapi sasa hivi, na nani ameyapeleka huko?

Tuje kwenye mwanga, maana hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Kwa karne nyingi ukumbi na jukwaa viliangazwa pamoja. Mishumaa haizimiki na kuwaka kwa amri. Ilipokuja gesi mwanzoni mwa karne ya 19, kwa mara ya kwanza mtu mmoja aliyekaa kwenye meza ya mabomba na koki aliweza kushusha mwanga wa ukumbi mzima. Kisha ikaja taa ya chokaa: kipande cha chokaa kinachochomwa kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni hadi kinang'aa weupe mkali, kikamlenga mwigizaji mmoja na kumfuata kila aendako. Mwaka 1881 ukumbi wa Savoy mjini London ukawa jengo la kwanza la umma duniani kuangazwa lote kwa umeme. Watu waliogopa. Mwenye ukumbi, Richard D'Oyly Carte, akapanda jukwaani akiwa na taa inayowaka, akaifunga kwa kitambaa chepesi, akaivunja, na kuwaonyesha kwamba kitambaa hakikuungua. Kwangu mimi hilo nalo ni onyesho, na bora kuliko mengi yaliyopigwa chapa kwenye mabango ya mwaka ule.

Waliovumbua vifaa ni wengi, ila waliofikiri kwa mwanga ni wachache, na wa mbele yao ni wawili.

Wa kwanza ni Loie Fuller, Mmarekani aliyewika Paris kuanzia mwaka 1892. Alivaa mita nyingi sana za hariri nyepesi, na ndani ya mikono ya vazi akashika fimbo zilizourefusha mkono wake. Alipozungusha fimbo, hariri ilipaa na kuviringika, na juu yake zikamwagwa taa za rangi kutoka pembeni, kutoka mbele, hata kutoka chini kupitia sakafu ya kioo. Mwili wake ukapotea. Kikabaki kitu ambacho mtazamaji alilazimika kukipa jina mwenyewe: ua, moto, kipepeo. Mafundi wake wa taa walikuwa wengi na aliwafundisha kwa ukali. Alisajili hataza za vifaa vyake. Aliwahi hata kuwaandikia Marie na Pierre Curie akiuliza kama angeweza kupata radiamu, elementi yenye mionzi hatari, ya kung'arisha vazi lake gizani. Walimjibu kwamba haifai, na tushukuru.

Wa pili ni Adolphe Appia, Mswisi, mtu mwenye haya aliyeuona uwongo uliokuwa ukimkera kila mtu bila kujua unamkera. Mwigizaji ana kimo, upana na kina. Kwa nini anasimama mbele ya mti uliochorwa kwenye kitambaa bapa, akiukaribia mti unakuwa mfupi kuliko yeye? Appia alitupa michoro. Akabakiza ngazi, majukwaa ya viwango mbalimbali, nguzo, na mwanga. Huko Hellerau, karibu na Dresden, mwaka 1912 na 1913, alishiriki kuonyesha opera ya Gluck juu ya Orpheus, mwimbaji wa ngano za Kigiriki aliyemfuata mkewe kuzimu, katika ukumbi usio na fremu ya jukwaa wala pazia. Kuta na dari zilifunikwa kitambaa cheupe chenye maelfu ya taa nyuma yake, hivyo chumba chenyewe kikawa taa. Orpheus aliposhuka kuzimu alishuka ngazi, basi. Ngazi halisi, mwili halisi, kivuli halisi. Kuzimu kulikamilishwa na waliokaa vitini.

Tangu hapo kila mbunifu wa mwanga anadaiwa na Appia, hata asiyemjua. Mwaka 1949, Jo Mielziner alipojenga nyumba ya mchuuzi aliyechoka kwa tamthilia ya Arthur Miller, aliijenga mifupa tu: mbao za paa angani, kuta zisizokuwepo. Wakati uliopo ukitawala, waigizaji walitumia milango. Kumbukumbu ikiingia, walipita katikati ya kuta, na mwanga wenye umbo la majani ukaifunika nyumba kurudisha miti iliyokatwa zamani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba sasa tuko miaka mingi nyuma.

Mtu akiniuliza ni kifaa gani kimoja anunue kwa fedha kidogo aliyo nayo, ninamjibu shashi, kile kitambaa chepesi chenye vitundu. Shashi ikiangazwa kutoka mbele kwa pembe kali ni ukuta. Ikiangazwa nyuma yake, na mbele kukazimwa, ukuta unayeyuka na anayesimama nyuma anatokea. Hakuna betri, hakuna programu. Ila kuna masharti: mwanga wa mbele usiruke na kugonga kilicho nyuma, na kitambaa kivutwe hadi kisiwe na mkunjo. Wanaoshindwa na shashi mara nyingi wameshindwa na mkunjo.

Ninapaswa kuongeza jambo chungu hapa, kwa sababu tunapenda kusimulia maajabu na kuruka maiti. Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, uliotangazwa kwamba hauwezi kuungua kabisa, uliwaka wakati wa onyesho la mchana lililojaa akina mama na watoto. Cheche za taa ya jukwaani ziligusa kitambaa. Pazia la kuzuia moto likakwama likishuka. Milango kadhaa ya kutokea ilikuwa imefungwa au haikuweza kufunguliwa kirahisi. Walikufa zaidi ya watu 600. Milango ya dharura inayofunguka kwa nje kwa kusukumwa, alama za kutokea zinazowaka, dawa ya kuzuia moto kwenye vitambaa: mengi ya haya tunayoyaona kama usumbufu wa wakaguzi yalitiwa nguvu na vifo vile. Mbunifu wa majaribio ndiye hasa anayepaswa kuyajua, kwa kuwa yeye ndiye anayeweka hadhira mahali ambapo haikuzoea kuwekwa. Ukiwakalisha watu kwenye ghala lenye giza, ukawazungushia vitambaa, ukawapoteza njia kwa makusudi, basi njia ya kutokea iwe mchoro wako wa kwanza.

Nirudi kwenye kamba.

Asia ya Mashariki haikupitia ugonjwa wa kuficha kama Ulaya. Katika kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, kuna wasaidizi waliovaa nguo nyeusi tupu na kufunika uso. Wanaingia katikati ya tukio, wanampa mwigizaji upanga, wanaondoa kiti, wanamvua vazi la juu ili la chini litokee kwa ghafla. Kila mtu anawaona na wote wamekubaliana kutowaona. Tena ni haohao Wajapani waliotumia jukwaa la kuzunguka mjini Osaka mwaka 1758, kwa ubunifu wa Namiki Shozo. Walikuwa na mitambo ya kutosha. Walichoona si lazima ni aibu ya mitambo.

Katika bunraku, maonyesho ya vikaragosi ya Japani, kikaragosi kimoja huendeshwa na watu watatu. Mkuu hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu, na husemwa kwamba miguu peke yake inahitaji miaka kumi ya kujifunza. Mkuu mara nyingi yuko uso wazi, mbele yako, mtu mzima mwenye nywele zenye mvi. Dakika kumi za mwanzo unamtazama yeye. Baada ya hapo kikaragosi kinalia, nawe unakilia.

Opera ya Beijing ndiyo iliyonipa mfano ninaoupenda kuliko yote. Jukwaa lina meza moja na viti viwili. Mjeledi wenye vishada ni farasi, kasia ni mashua na mto kwa pamoja. Kuna tukio mashuhuri la wanaume wawili wanaopigana usiku katika chumba cha nyumba ya wageni, giza totoro, kila mmoja akimtafuta mwenzake kwa panga. Taa zimezimwa? Hata kidogo. Zinawaka zote. Tunaona kila kitu: ncha ya upanga ikipita sentimita chache mbele ya pua ya mtu asiyejua, mikono inayopapasa hewa, miguu inayonyata kuelekea hatari. Giza limo ndani ya miili ya waigizaji, na sisi tunaoona tumekuwa na uwezo kuliko wao, ndiyo maana tunashika mdomo. Mngekuwa na projekta kumi msingepata giza zuri namna hiyo.

Nisisitize, kwa sababu vijana hupenda kunielewa nusu: hii si njia rahisi ya kukwepa kazi. Mwenye meza na viti viwili tu amejitwika mazoezi ya miaka. Jukwaa tupu linamwanika mwigizaji mvivu haraka kuliko jukwaa lolote.

Mfano wa karibu zaidi ni farasi wa Handspring, kampuni ya vikaragosi ya Cape Town iliyoanzishwa mwaka 1981. Mwaka 2007, kwenye jukwaa la National Theatre mjini London, walimleta farasi wa ukubwa kamili. Mifupa yake ni ufito uliopindwa, ngozi yake ni kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, na ndani yake unawaona watu wawili waziwazi, na wa tatu kasimama nje akishika kichwa. Miguu yao sita inaonekana pamoja na ile minne ya farasi. Walichofanya mabwana hawa, Adrian Kohler na Basil Jones, ni kuanza na pumzi. Kabla farasi hajapiga hatua, anapumua. Kifua kinapanda kidogo, kinashuka. Sikio linageukia sauti. Kiumbe kinachopumua na kusikiliza tunakipa uhai bila kuombwa, hatuwezi kujizuia. Kukimbia, kurusha miguu, kubeba mpanda farasi, yote hayo ni nyongeza. Ukitaka kujaribu, chukua mfuko wa karatasi, uupe pumzi kwa vidole vyako, polepole, kisha usimamishe pumzi ghafla. Utasikia ukumbi ukinyamaza.

Sasa mtaniuliza: je, mashine kubwa hazina nafasi? Zinayo. Vsevolod Meyerhold, Moscow, mwaka 1922, alimpa kazi msanii Lyubov Popova, naye akamjengea kitu kama mashine: ngazi, mteremko wa kutelezea, milango inayozunguka, magurudumu makubwa. Nyuma yake ukuta wa matofali uliachwa uchi. Waigizaji walivaa nguo za kazi za bluu. Tamthilia ilihusu mume mwenye wivu, na wivu ulipopanda, magurudumu yalizunguka kwa kasi zaidi. Mashine ile haikuiga kinu wala nyumba. Iliigiza wivu. Hiyo ni mashine iliyopata nafasi yake.

Na Josef Svoboda, Mcheki, ambaye alibuni majukwaa ya maonyesho zaidi ya 700, alikuwa mtu wa mitambo na elimu ya sayansi hadi kwenye kucha. Kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958, yeye na mwongozaji Alfréd Radok walionyesha Laterna Magika, ambamo mcheza ngoma aliye hai alicheza pamoja na picha zake zilizorushwa kwenye viwambo. Mwaka 1967, kwa opera ya Wagner mjini Wiesbaden, Svoboda alisimamisha nguzo ya mwanga, mwanga mtupu uliopata mwili kwa matone madogo mno ya unyevu yaliyotawanywa hewani. Hakuna aliyedhani ni nguzo ya jiwe. Kila mtu aliona ni mwanga, na bado ilisimama. Tofauti yangu na wapenda mitambo wengi ni kwamba Svoboda alianza na swali la tamthilia, kisha akaenda maabara. Wao huanza dukani.

Mfano wa upande mwingine mnaujua. Mwaka 2010 Metropolitan Opera ya New York ilianza kuonyesha opera za Wagner kwa mtambo ulioongozwa na Robert Lepage: mbao 24 kubwa zinazozunguka kwenye mhimili mmoja, uzito wa takriban tani 45. Jukwaa lenyewe lilibidi liimarishwe kwa chuma. Ulikuwa na nyakati nzuri, nakiri, nyakati ambazo mbao zilikuwa mto, kisha mti, kisha uti wa mgongo wa joka. Lakini ulikuwa na sauti yake, kelele za mbao wakati waimbaji wakiimba, na usiku wa ufunguzi ulikataa kazi mwishoni kabisa, ilipotakiwa miungu ivuke daraja la upinde wa mvua kuingia kwenye ngome yao. Miungu ikatoka jukwaani kimyakimya. Kinachonisumbua si kukwama. Winchi ya Aristophanes nayo ingeweza kukwama, na yeye aligeuza woga huo kuwa kichekesho kilichodumu miaka 2,400. Kinachonisumbua ni kwamba mtambo wa tani 45 hauna njia ya kuomba radhi. Onyesho lililojengwa juu yake halikuacha nafasi ambayo mwimbaji angeweza kusema, kwa mwili wake tu: sasa tunavuka.

Kwa hiyo kila mbinu mnayoibuni ipewe mpango wa pili ambao ni mwili wa mwigizaji. Kama hamwezi kuupata, mbinu hiyo si ya tamthilia yenu, hata kama inapendeza.

Niligusie suala la kiti. Majaribio makubwa ya karne iliyopita hayakuwa ya jukwaa bali ya mahali pa kumkalisha mtazamaji. Jerzy Grotowski wa Poland, pamoja na msanifu majengo Jerzy Gurawski, walikataa kabisa kwamba kuna upande wa kuigiza na upande wa kutazama. Mwaka 1962 walijaza chumba vitanda vya chuma vya hospitali ya wagonjwa wa akili, waigizaji wakacheza juu yake, watazamaji wakakaa humohumo, wagonjwa miongoni mwa wagonjwa. Mwaka 1963 walipanga meza ndefu na watazamaji wakawa wageni kwenye karamu ya mwisho ya Faustus, msomi aliyemuuzia shetani roho yake, ambaye alitembea na kusimulia juu ya meza hizo. Mwaka 1965 walimweka mfiadini chini na kuwapandisha watazamaji nyuma ya uzio mrefu wa mbao, wakichungulia kama watu wanaotazama kitu wasichopaswa kukitazama. Tamthilia tatu, viti vya aina tatu, hatia za aina tatu. Gharama yake ilikuwa mbao, misumari na kufikiri.

Nawalinganisha na kampuni za leo zinazomvisha mtazamaji barakoa na kumwachia jengo zima azurure. Punchdrunk ya Uingereza ndiyo iliyotangulia, na kazi yao ya New York iliyoanza mwaka 2011 iliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Wanajua kazi yao. Waigaji wao, hapana. Kumwambia mtu azurure si kumpa kazi. Mara nyingi ni kumpa matembezi.

Na kuna Kamiriithu, Limuru nchini Kenya, mwaka 1977. Tunaizungumzia sana kwa upande wa siasa: Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, tamthilia kwa Kigikuyu, leseni iliyofutwa Novemba, wa Thiong'o aliyewekwa kizuizini mwisho wa mwaka, na ukumbi uliobomolewa mwaka 1982. Ni sawa kuizungumzia hivyo. Lakini hapa tuko kwenye usanifu, na kama usanifu ni jambo kubwa. Ukumbi wa wazi wenye nafasi za watu zaidi ya 2,000 ulibuniwa na wanakijiji wasio na ajira, wakiongozwa na tarishi wa ofisini, kwa kupanga vijiti vya kiberiti ardhini. Walivipanga, wakavipangua, kisha wakajenga kielelezo kidogo, kisha wakajenga ukumbi. Mazoezi yalifanyika mbele ya yeyote aliyetaka kuja, na waliokuja walisahihisha: hivi sivyo mzee anavyozungumza, hivi sivyo kazi ile inavyofanywa. Hadhira ilipewa kazi miezi kadhaa kabla ya onyesho la kwanza. Sijui mfano mwingine uliokwenda mbali zaidi ya huo katika hoja yangu, na ulifanywa na watu ambao hakuna aliyewaita wabunifu wa majaribio.

Kuhusu sauti nitakuwa mfupi, ingawa inastahili hotuba yake. Mwaka 2015 mjini Edinburgh, Simon McBurney alisimama peke yake jukwaani mbele ya hadhira ambayo kila mtu alivaa visikilizio. Katikati ya jukwaa kulikuwa na kichwa bandia chenye maikrofoni mahali pa masikio. Akinong'ona kwenye sikio la kushoto la kichwa kile, ulihisi pumzi yake shingoni. Mwanzoni kabisa alieleza jinsi inavyofanyika. Alitikisa chupa ya maji mbele yako na ukasikia mto. Uliona chupa, ukasikia mto, na mto ukashinda.

Hayo ndiyo niliyokuja nayo. Yaliyobaki ni ya kiutendaji, na waongozaji wasiondoke. Mbunifu wa jukwaa, wa mwanga na wa sauti wawe kwenye usomaji wa kwanza wa tamthilia, si wiki ya mwisho. Mashine au kitambaa kikija wiki ya mwisho kitakuwa pambo, maana mwigizaji hajapata muda wa kukitegemea. Tengenezeni kielelezo kidogo, hata cha maboksi, na mkimulike kwa tochi kabla ya kununua mbao. Kaeni kwenye kiti kibaya kuliko vyote ukumbini na mtazame onyesho zima kutoka hapo. Na wale mafundi wa kupandisha na kushusha, waiteni mbele mwisho wa onyesho wapewe makofi pamoja na wengine, wakiwa na glavu zao mikononi.

Zoezi la kesho ni kundi la watu watano, meza moja, viti viwili, kipande cha shashi, taa moja ya mkononi. Kila kundi litaonyesha mafuriko kwa dakika nne. Hakuna rekodi ya sauti ya maji, hakuna kitambaa cha bluu. Anayeendesha taa asijifiche. Tunataka kumwona akifanya kazi. Makundi yamebandikwa mlangoni, na anayetaka kubadilisha kundi aje kwangu kabla hatujatawanyika. Sasa nipo tayari kwa maswali, tuanze na wa nyuma.